Shajara ya kuiokoa kompyuta mpakato yenye chipu ya picha mbovu

Naandika hatua kwa hatua ili mwenye tatizo kama langu anifuate, au ajue mahali pa kuacha kunifuata. Mashine ni kompyuta mpakato ya mwaka 2015, inchi 15, yenye chipu mbili za picha. Moja imo ndani ya prosesa. Nyingine ni chipu kubwa inayojitegemea, na imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, kwa hiyo haichomoki kwa bisibisi. Ingekuwa kadi ya kuchomeka, ningetafuta nyingine na kazi ingeisha siku hiyo hiyo.

Nimeitumia miaka minane kuhariri video, na nimemwahidi mdogo wangu kwamba akianza chuo itakuwa yake. Siwezi kuitupa kirahisi.

13 Januari 2024: Vimraba vya kijani

Nilikuwa katikati ya kuhariri, dirisha la programu likajaa vimraba vya kijani na zambarau, feni ikapanda hadi mwisho wake, kisha mashine ikaganda. Kitufe cha kuwasha nilikishikilia mpaka ikazima. Nikaiwasha, ikafunguka vizuri, nikafanya kazi dakika ishirini, vimraba vikarudi palepale.

Kabla ya kugusa kitu chochote nimenakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Imechukua saa tatu. Hatua hii usiiruke hata kidogo, maana kila kitakachofuata kinaweza kuwa siku ya mwisho ya mashine.

14 Januari: Jumapili iliyopotea

Nilijiaminisha kwamba tatizo ni waya mpana unaopeleka picha kwenye skrini. Nikabandua fremu ya skrini, nikauchomoa waya, nikausafisha na kuurudisha. Wakati wa kubandua nimevunja kishikizo kimoja cha fremu, upande wa chini kulia, na sasa pale pana mwanya unaopitisha ukucha. Vimraba vikabaki vilevile.

Usiku ndipo akili iliponijia, na jaribio lenyewe ni la dakika moja. Vimraba vilipotokea nilipiga picha ya skrini kwa kitufe cha kawaida, nikaihifadhi, nikaihamishia kwenye simu. Picha hiyo haipigwi kutoka kwenye kioo. Inachukuliwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, kabla haijapita kwenye waya wala skrini. Nilipoifungua kwenye simu, vimraba vilikuwemo. Basi skrini na waya havina kosa, na uharibifu unatokea huko picha inakotengenezwa. Picha ingekuwa safi kwenye simu, ningeendelea na waya kwa moyo mweupe.

Ningeanza na jaribio hilo, kile kishikizo kingekuwa kizima.

20 Januari: Ni chipu ipi?

Nimewasha mashine kwa Linux kutoka kwenye diski ya USB ili kuondoa shaka kwamba mfumo niliouzoea una faili bovu. Amri ya `lspci` inaziorodhesha chipu zote mbili. Ile ya ndani ya prosesa nimeitesa kwa programu ya majaribio ya picha za pande tatu, `glmark2`, kwa saa nzima. Haikukohoa. Kisha nikairudia programu hiyo nikiitanguliza kwa `DRI_PRIME=1`, neno linaloiambia mashine itumie chipu ya pili. Dakika ya nne vimraba vikajaa, joto la chipu likiwa nyuzi 97. Dakika ya sita ikaganda.

Nikaipa pia `memtest_vulkan`, inayoandika na kusoma kumbukumbu ya chipu ya picha ikitafuta makosa. Makosa yalianza kuonekana kabla ya dakika mbili kuisha.

Kingine nilichogundua leo, ambacho kilinisaidia sana baadaye: tundu la HDMI la mashine hii limeungwa na chipu mbovu, wakati skrini yake yenyewe na tundu dogo la DisplayPort vimeungwa na chipu ya ndani ya prosesa. Ndiyo maana runinga niliyoiunga kwa HDMI ilionyesha mistari ya wima tangu mwanzo, ilhali skrini ya mashine ilikuwa safi mpaka programu nzito ifunguliwe. Mpangilio huu hautofautiani kwa aina tu, hata matoleo ya aina moja hutofautiana. Pima mashine yako mwenyewe.

27 Januari: Vumbi, pesti, na pedi nene

Kufungua mashine nitakueleza kwa ufupi: betri kubwa nimeichomoa kwanza, kisha ile ndogo ya saa, kisha nimeshikilia kitufe cha kuwasha sekunde thelathini ili umeme uliobaki uishe. Skrubu zote nimezibandika kwa utepe kwenye karatasi niliyochora umbo la mashine, kila moja mahali pake. Zina urefu wa aina tatu. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kutoboa njia za umeme zilizo ndani ya ubao, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila mkono wako.

Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na blanketi la vumbi lenye unene wa kadi ya simu. Nimelitoa likiwa zima. Pesti ya joto, ule ute unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipozeo, ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi, na katikati, mahali penye joto zaidi, haikuwepo kabisa kwa kuwa ilikuwa imesukumwa pembeni. Nimeifuta kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kosa nimelifanya kwenye pedi. Chipu za kumbukumbu zinazoizunguka ile chipu kubwa hazipakwi pesti, zinafunikwa kwa pedi laini za joto. Za zamani zilikatika nilipoinua kipozeo cha shaba. Nikaweka mpya za milimita 1.5, nikijiambia kwamba nene itagusa vizuri zaidi. Nikafunga, nikawasha. Mashine ikiwa haifanyi lolote joto likasimama nyuzi 68, na nilipoanzisha jaribio likafika 104 ndani ya sekunde arobaini, ikajipunguza mwendo, ikaganda. Nilikuwa nimeiharibu zaidi ya nilivyoikuta.

28 Januari: Alama ya pesti

Nimefungua tena. Safari hii nimepaka pesti kidogo sana, nikakikalisha kipozeo mahali pake, nikakaza skrubu zake nne, nikazilegeza na kukiinua ili kuangalia alama. Kwenye shaba kulikuwa na alama safi za pedi nne, zimebonyea, na katikati, mahali pa chipu kubwa, kulikuwa na nukta moja tu ya pesti kwenye kona. Kipozeo kilikuwa kimekaa juu ya pedi kama meza juu ya miguu yake, na chipu kubwa ilikuwa chini haiguswi. Pengo lenyewe halikufika nusu milimita, lakini hewa ni mpitishaji mbaya wa joto, na nusu milimita ya hewa ilitosha kuichemsha.

Nikaweka pedi za milimita 1.0. Alama ya pili ilikuwa mraba mzima uliojaa mpaka kingo. Skrubu za kipozeo zina namba, 1 hadi 4, zimechongwa kando ya kila tundu. Zifuate hizo namba, na ukaze kwa zamu, nusu mzunguko kwa kila moja, ili kipozeo kishuke sawasawa kisije kikaivunja kona ya silikoni.

Matokeo: joto la juu nyuzi 81 badala ya 97. Vimraba havikutokea mpaka dakika ya kumi na tisa. Nilifurahi, lakini si sana. Chipu ikiwa na joto la kawaida haipaswi kutoa vimraba hata ukiitesa siku nzima. Usafi umeisogeza siku ya kifo tu.

Gharama ya wikendi hii: gramu mbili za pesti, mikato miwili ya pedi (mmoja wa bure), saa saba.

4 Februari: Vipimo vya umeme

Kabla ya kuilaumu chipu nilitaka kujua kama inalishwa vizuri. Betri ikiwa nje, nimepima kwa mita ukinzani kati ya ardhi na kila koili inayoilisha. Koili ya moyo wa chipu: omu 0.9. Mtu asiyejua angeshtuka akadhani ni shoti, lakini chipu kubwa za picha huwa hivyo, ukinzani wake ni mdogo sana hata zikiwa nzima. Koili ya kumbukumbu: omu 41. Njia kuu ya umeme wa chaja: zaidi ya omu laki moja. Hakuna kapasita iliyopiga shoti. Nikawasha na kupima volti, zote zilikuwepo na hazikuyumba.

Hapa nilitamani nikute kapasita iliyokufa. Ingekuwa kazi ya jioni moja.

10 Februari: Kupasha mara ya kwanza

Wengi wanasimulia kwamba chipu ikipashwa joto hadi solda, yaani metali ya kulehemia, iyeyuke, inajishika upya na kupona. Wengine wanaingiza ubao mzima kwenye oveni ya kupikia. Hilo la oveni sikulifanya na sikushauri: moshi wa plastiki na fluksi (dawa inayosaidia solda kushika) hubaki kwenye kuta za kitu kinachopika chakula chako.

Nimetumia bunduki ya hewa moto. Hesabu yangu ilikuwa hii. Solda ya zamani, bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka nyuzi 183. Tangu Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoibana risasi kwenye vifaa vya umeme, viwanda vingi vilihamia solda ya bati yenye fedha na shaba kidogo, inayoanza kuyeyuka nyuzi 217. Kwa hiyo nililenga nyuzi 230 kwenye ubao, kwa muda mfupi.

Ubao nimeuvisha foili ya alumini ukabaki uchi kwa ukubwa wa chipu tu. Kihisi cha joto nimekibana kando ya chipu kwa utepe wa njano unaovumilia moto. Na kwa bahati njema nikafanya jambo moja la ziada. Juu ya kibao cha kijani cha chipu, pembeni ya silikoni, niliweka vipande viwili vya uzi wa solda, kila kimoja kirefu kama punje ya mchele. Kimoja chenye risasi, kingine kisicho nayo. Nilitaka mashahidi wa kuonekana kwa macho.

Nikapasha kwa dakika sita, nikizungusha mdomo wa bunduki bila kusimama. Kihisi kikasoma 231. Nikazima, nikaacha ubao upoe peke yake nusu saa bila kuugusa.

Nilipofunua foili, mashahidi wote wawili walikuwa wamelala vilevile nilivyowaweka. Wakavu, kingo kali, hata kile cha nyuzi 183 hakijalainika. Nikakitazama kihisi: utepe ulikuwa umeachia, na ncha yake ilikuwa imegusa foili, ikisoma joto la foili na si la ubao. Chipu yangu haikufika hata 183.

Nikakata tamaa, nikairudisha mashine ili tu isikae wazi usiku. Nikaiwasha. HDMI safi. `glmark2` saa moja, safi. `memtest_vulkan` nusu saa, hakuna kosa hata moja.

Imepona, na hakuna solda iliyoyeyuka. Sikulala vizuri.

21 Februari: Siku ya kumi na moja

Vimraba vimerudi, saa tatu asubuhi, kwa kazi nyepesi kabisa. Jioni mashine ilikuwa inaganda dakika ya pili.

24 Februari: Kwa fundi mzee

Nimempelekea ubao fundi mmoja mzee aliyeshika kazi hii tangu enzi za runinga za kioo kinene. Nilitaka kuazima hita yake ya kupasha ubao kutoka chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari ya mashahidi wangu wawili akanitaka niirudie.

“Kwa hiyo ilifufuka kabla ya nyuzi mia na themanini na tatu?”

“Ndiyo, mzee. Hata ile yenye risasi haikuyeyuka.”

“Basi mipira ya chini haikuguswa. Ugonjwa uko ndani ya chipu yenyewe. Na hiyo siyo kupona, mwanangu. Hiyo ni nafuu ya kuaga.”

Akanichorea. Chipu ina tabaka mbili za solda. Chini kabisa kuna mipira inayokishika kile kibao cha kijani kwenye ubao mama, hiyo ndiyo watu wanayodhani wanaiyeyusha. Juu yake, kati ya kibao cha kijani na kioo cheusi cha silikoni, kuna vitone vidogo mno, vingi mno, vimezungukwa na gundi ngumu. Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana, kama sehemu 3 kwa milioni kwa kila nyuzi. Kibao cha kijani kinatanuka sehemu 15 hadi 17. Kila ukiwasha na kuzima, vitone hivyo vinavutwa huku na huku, mwaka hadi mwaka, mpaka vinapata nyufa. Ukipasha chipu, gundi inalainika, vitu vinatanuka, na kingo za ufa zinakutana tena. Zinagusana tu, hazijaungana. Mizunguko kadhaa ya joto na baridi, zinaachana.

Hii pia inaeleza kwa nini hata kuitoa chipu na kuibadilishia mipira yote ya chini kusingenisaidia. Mgonjwa wa moyo habadilishiwi viatu.

Nikamwomba nijaribu hata hivyo mara moja, kwa vipimo sahihi, ili nijue kwa hakika. Akakubali kwa sharti kwamba nisimamie mwenyewe.

2 Machi: Kupasha mara ya pili, kwa utaratibu

Ubao ulikaa kwanza juu ya hita saa kumi kwa nyuzi 105 ili unyevu utoke. Unyevu ulionaswa ndani ya chipu ukigeuka mvuke ghafla unaweza kuipasua kwa mlio kama bisi. Kisha: chini hita, juu hewa moto, vihisi viwili badala ya kimoja, fluksi pande zote nne. Nyuzi mbili kwa sekunde hadi 150, hapo tukatulia dakika moja na nusu, kisha juu hadi 238, na juu ya 217 tulikaa sekunde 70. Safari hii mashahidi wote wawili walijikunja wakawa shanga zinazong’aa. Nilimwona wa risasi akianguka kwanza, na kama dakika moja baadaye mwenzake.

Mkono wangu ulitetemeka mara moja, hewa ikapeperusha kapasita moja ya pembeni, milimita moja kwa nusu. Nilisimamisha kila kitu na moyo ukisimama nao. Baada ya kupoa tuliikuta imenata kwenye foili. Nimeirudisha chini ya lenzi kwa kibano na ncha nyembamba ya chuma cha kulehemu. Imenichukua dakika hamsini kwa kazi ya sekunde kumi ya fundi. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya hewa na kutumia mdomo mpana zaidi, joto lilelile.

Mashine imewaka. Majaribio yote yamepita.

8 Machi: Siku ya sita

Imekufa tena, na safari hii vibaya zaidi: inaganda mara tu dreva ya chipu ya picha, yaani programu inayoiendesha, inapopakiwa, kabla hata sijaona eneo la kazi. Kupasha kwa usahihi kumenipa siku sita, kupasha kwa kubahatisha kulinipa kumi na moja. Sipashi tena. Fundi hakusema neno, alinimiminia chai tu.

9 Machi: Kumtoa mgonjwa nyumbani

Mashine ina chipu nyingine nzima ndani ya prosesa, na skrini yake imeungwa na hiyo. Basi kazi sasa ni kuizima hii mbovu kabisa.

Ili kuingia tu, kwenye mstari wa kuwashia wa Linux nimeongeza `nomodeset`. Picha inakuwa mbaya lakini mashine inafunguka. Kisha nikaandika jina la dreva ya chipu mbovu kwenye faili la kuzuia ndani ya `/etc/modprobe.d/`, nikaondoa `nomodeset`, nikawasha upya. Ikaganda vilevile. Nimezunguka saa mbili nikilihakiki lile faili herufi kwa herufi. Halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba dreva inapakiwa mapema sana, kutoka kwenye kifurushi kidogo cha kuwashia kinachotengenezwa kabla, na kifurushi changu kilikuwa cha zamani. Nikakitengeneza upya kwa `update-initramfs -u`, nikawasha upya, na kwa mara ya kwanza tangu Januari mashine imefunguka ikiwa tulivu.

Tulivu kwa picha tu. Feni ilikuwa inazunguka muda wote. Dreva imezuiwa lakini chipu bado inapewa umeme, na hakuna wa kuiambia ilale. Faili la `/sys/class/power_supply/BAT0/power_now` lilionyesha mikrowati milioni 21 na ushee, yaani wati 21, bila kufanya kazi yoyote.

10 Machi: Wati 21 hadi wati 9

Nimesakinisha moduli ya `acpi_call`, inayokuruhusu kuita maagizo yaliyoandikwa ndani ya ubao mama wenyewe. Njia za kuzima chipu ya pili zina majina tofauti kwa kila mashine. Nimejaribu moja baada ya nyingine kwa kuiandika kwenye `/proc/acpi/call` na kusoma jibu hapo hapo. Tano za kwanza zilijibu `AE_NOT_FOUND`. Ya sita, `\_SB.PCI0.PEG0.PEGP._OFF`, ilijibu `0x0`, na kabla sijamaliza kusoma jibu nikasikia feni inashuka. Inashuka, inashuka, kimya. Nilikuwa sijasikia kimya kwenye meza hii kwa miezi.

`lspci` sasa inaonyesha chipu hiyo na alama ya `rev ff`, ndiyo alama yake ya kutokuwa na umeme. Wati 9.2. Na kwa kuwa chipu mbili zinashiriki kipozeo kimoja cha shaba, prosesa nayo imepoa kwa nyuzi 12.

Nimeiweka amri hiyo ijiite yenyewe kila mashine inapowaka.

16 Machi: Usingizi unaoua

Nikafunga kifuniko, mashine ikalala, nikakifungua, skrini nyeusi. Mara tatu. Mashine ikilala chipu ikiwa imekatwa umeme, mfumo unashindwa kuhifadhi hali yake na unakwama palepale.

Ufumbuzi ni kuiwasha chipu sekunde chache kabla ya kulala na kuizima tena baada ya kuamka. Nimeandika skripti fupi ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`: ikipokea neno `pre` inaita `_ON`, ikipokea `post` inaita `_OFF`. Ikashindwa. Nikabadilisha mpangilio, ikashindwa. Baada ya jioni nzima nikagundua kwamba skripti haijawahi kuitwa hata mara moja kwa sababu sikuipa ruhusa ya kutekelezwa. `chmod +x`. Nimefunga na kufungua kifuniko mara ishirini mfululizo, imeamka mara ishirini.

13 Aprili: Wiki tano

Hakuna kimraba, hakuna kuganda. Betri iliyokuwa inakaa saa moja na dakika kumi inakaa saa mbili na nusu. Video za ukubwa wa kawaida zinachezwa vizuri na chipu ya ndani. Kuhariri kwangu kwa zamani, tabaka nyingi na rangi, kumekuwa kuzito mno, na hilo nimelipoteza. Tundu la HDMI limekufa moja kwa moja, skrini ya nje inapita kwenye DisplayPort ndogo.

Gharama kwa jumla: bomba moja la pesti, mikato mitatu ya pedi, spiriti, foili, utepe, fluksi, kihisi cha pili, na wikendi tisa. Vifaa vyote pamoja havikufika robo ya bei ya mashine iliyotumika ya aina hii. Nikitoa yale ya kupasha, ambayo hayakunipa kitu cha kudumu, haifiki hata sehemu ya kumi. Mwenye mashine yenye dalili hizi na yenye chipu mbili, aruke kutoka 4 Februari moja kwa moja hadi 9 Machi.

Mdogo wangu ameichukua jana. Kishikizo cha fremu nilichokivunja nimekiziba kwa gundi, na amri ya kuzima chipu nimemwandikia kwa kalamu kwenye karatasi, nikaibandika chini ya betri.